Maji ya Wifi

Mwenye duka alikuwa na utani mmoja tu, na kila Mama Pacha alipoingia kununua mchele aliutoa upya kana kwamba ndiyo kwanza umemjia kichwani. Mkulima wa mpunga ananunua mchele, alisema huku akichota kwenye gunia lenye picha ya tembo na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Basi na yeye kesho atakwenda kwa Mama Pacha kununua sabuni. Wateja walicheka. Mama Pacha naye alicheka, kwa kuwa kununa kungewapa la kusema zaidi, kisha akaufunga mfuko wake na kurudi nyumbani kwa njia ya uchochoroni.

Hakuwa peke yake. Msimu uliopita ugonjwa uliunguza majani ya mpunga katika skimu nzima ya umwagiliaji, na nusu ya wakulima walikuwa wanakula mchele wa tembo kama yeye. Lakini wenzake waliwatuma watoto dukani. Wa kwake, wasichana wawili waliozaliwa siku moja, walikuwa bado wadogo, na midomo yao haikuwa na kufuli. Wangeyasimulia yote njiani.

Mumewe ndiye aliyeumia zaidi. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mizuri, matuta yake yamenyooka kama yamepigwa kamba. Alikula matonge machache, akaisogeza sahani. "Hauna harufu," alisema. "Ni kama kutafuna karatasi." Kisha akasema kwamba akishavuna msimu huu, gunia la dukani halitaingia tena ndani ya nyumba yake. Alilisema hilo mbele ya watoto, na tangu hapo likawa kama kiapo.

Jaruba lao la mpunga lilipakana na la dada mkubwa wa mumewe. Mama yao alikufa mapema, na dada huyo ndiye aliyembeba mgongoni mdogo wake akiwa yeye mwenyewe bado mtoto. Alikuwa mjane, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya pili ya mfereji. Pacha walimpenda shangazi yao kuliko pipi. Mama Pacha naye alimpenda, ingawa wifi huyo hakuacha kumwambia kwamba miche anaipanda kama anayechomeka sindano kwenye godoro.

Mwaka huo maji yalikuwa haba. Mto ulishuka, na kamati ya skimu ikapanga zamu ndefu: ukishapata maji yako, ungoje mpaka maji yazunguke shamba zima ndipo urudiwe. Aliyefungua na kufunga milango ya mfereji alikuwa mgawa maji, mzee mwembamba waliyemwita Mzee Zamu, kwa sababu ukimwomba akuongezee kidogo, hata kama umemletea kuku, alikujibu kwamba zamu ni zamu, akakurudishia kuku wako.

Mpunga ulipoanza kutoa masuke, binti wa wifi alipata uchungu wa kujifungua uliokataa kwisha, akakimbizwa hospitali ya mjini. Wifi alifunga nguo chache akaondoka naye. Kabla ya kupanda gari alimshika mdogo wake mkono. "Kaka, zamu yangu inakuja nami sipo. Nitazamie maji yangu."

"Nenda dada," alijibu. "Usiwaze shamba."

*

Siku ya zamu ya wifi iliangukia siku ya mkutano. Bwana shamba alikuwa amepata mashine ya kuonyesha picha, na skimu nzima ilijazana ofisini kuona wenzao wa ulimwenguni wanavyolima. Aliwaonyesha India na Uchina, nchi zinazovuna mpunga kuliko zote, kisha Vietnamu na Tailandi, ambako mchele hupakiwa melini kupelekwa kwa watu kama wao. Watu waliguna kuona mashamba yaliyopanda milima kama ngazi. Mama Pacha alimtazama mwanamke mmoja aliyeinama kwenye maji ya magoti, mche mkononi, mgongo umepinda kama wake mwenyewe, akajiuliza kama ni huyo aliyelima mchele wa tembo, na kama naye kwao huwa anachekwa dukani.

Katikati ya maelezo mumewe alimnong'oneza kwamba tumbo linamsokota, akatoka. Baadaye, kwa kuwa hakurudi, Mama Pacha alipita nyumbani, naye hayupo, akachukua chakula chake, akaenda kumtafuta shambani.

Hakumkuta. Alikuta maji. Yalikuwa yanaingia katika jaruba lao kwa sauti nzuri ya kunong'ona, yakizunguka mashina, na mpunga ulionekana kama unainua shingo kuyapokea. Akafurahi kabla ya kufikiri. Kisha akatazama upande wa pili wa tuta. Pale maji yalipotakiwa kuingilia kwa wifi palikuwa pamezibwa. Gunia lilijazwa udongo likashindiliwa mlangoni, na kwenye tope alimwona tembo, kichwa chini.

Lilikuwa gunia lake. Alikuwa amepewa na mwenye duka kwa ajili ya kuwekea kuni.

Alisimama na sahani ya chakula mkononi. Hakukuwa na mtu. Skimu nzima ilikuwa inatazama picha. Gunia halikukaa sawasawa. Pembeni mwake mchirizi wa maji ulikuwa unapenya kwenda kwa wifi, mwembamba, usioweza kunywesha hata bustani ya mchicha. Mama Pacha aliutazama mchirizi ule. Aliyafikiria mavuno yaliyopita, sahani iliyosogezwa, kicheko cha dukani. Baadaye alijaribu mara nyingi kujiambia kwamba hakufikiri chochote, kwamba mguu ulikwenda wenyewe. Lakini alikuwa amevua kandambili kwanza. Akaukanyaga ule upande wa gunia kwa kisigino, akaushindilia mpaka mchirizi ukakata.

Aliacha chakula chini ya kivuli cha matete na kuondoka. Mumewe alipokuja kukila, alidhani mkewe amepitia njia ya juu na hakuona kitu. Jioni mume aliuliza habari za mkutano, na mke akauliza habari za tumbo.

Zamu iliyofuata wifi alikuwa bado hospitalini akimuuguza binti yake, na gunia lilikuwa bado pale. Mama Pacha alipita mara nyingi. Alijifunza kutazama upande mwingine.

*

Wifi alirudi na binti na mjukuu, wote wazima, na furaha isiyofichika, akaenda shambani kabla hata hajanywa chai. Gunia lilikuwa limeshaondolewa. Alikuta udongo umepasuka nyufa za kuingiza mkono, na masuke yamesimama wima, meupe, mepesi. Alilivuta suke moja akalisugua kiganjani. Mapepe matupu. Akapuliza, hapakubaki kitu.

Mdogo wake alimfuata akasimama nyuma yake. Wifi hakumlaumu, alimuuliza tu kulikoni. Hapo angeweza kusema lolote. Alisema: "Maji hayakufika, dada. Muulize Mzee Zamu."

Kamati ilikutana. Mzee Zamu aliapa kwamba alifungua mlango wa mfereji siku zote mbili kama kawaida. Kilichotokea mbele ya matete, kwenye midomo ya majaruba, yeye hakukiona. Lakini shamba kavu lilionekana kwa macho, na kiapo hakionekani. Mwenyekiti alimuuliza Baba Pacha, aliyeachiwa maji yale ayatazame, kama aliyaona yakija. Baba Pacha akajibu akitazama vidole vyake vya miguu kwamba hakuyaona. Mzee alinyang'anywa funguo za mifereji mbele ya watu. Wifi, kwa uchungu, alimwambia kwamba amewaua kwa njaa yeye na mjukuu wake. Mama Pacha alikuwa amekaa nyuma na wanawake wengine, akimpangusa mtoto mmoja pua ambayo haikuwa na kamasi.

Siku chache baadaye alikwenda dukani akamkuta Mzee Zamu anashusha magunia ya mchele kutoka kwenye lori. Hiyo ndiyo kazi aliyoipata. Gunia lilimkalia shingoni, akatembea kwa hatua fupi fupi kama mtu anayepita juu ya ubao mwembamba, na mwenye duka akamhimiza aharakishe. Alipomwona Mama Pacha aliutua mzigo, akajifuta uso, akamsogelea kwa adabu iliyomfanya atamani kukimbia.

"Mama Pacha, samahani. Wewe hupita kule mchana na chakula. Siku ile ya picha, hukuyaona maji kwenye mfereji? Ukisema uliyaona tu, inanitosha. Sitaki kumtaja mtu."

Alikuwa anaomba kitu kidogo kabisa. Mwenye duka alisogea kusikiliza, na safari hii hakuwa na utani.

"Sikupita siku ile," alisema Mama Pacha.

Mzee alitikisa kichwa polepole, akamshukuru, akarudi kwenye lori.

*

Mavuno yakafika. Jaruba la Baba Pacha lilikuwa zito kuliko yote ya upande ule. Suke lililala juu ya suke, na bwana shamba alilileta kundi la wakulima walitazame. Alimsifu mbele yao kwa kujua kutunza maji. Baba Pacha aliwapa mkono wageni, kisha akaenda kusimama nyuma ya matete mpaka walipoondoka.

Asubuhi ya kuanza kuvuna, wifi alitokea na mundu wake. Alisema kwake hakuna cha kuvuna, na hataki kuomba. Mdogo wake ampe kibarua kama anavyowapa wengine, amlipe mpunga. Alilisema kwa kicheko, akiongeza kwamba na mapumziko ya chai asinyimwe. Mdogo wake alimwambia achukue tu magunia, hana haja ya kufanya kazi. Akakataa. Chakula cha bure, alisema, ni cha nini kwa mtu mwenye mikono miwili?

Kwa hiyo alivuna. Alivuna kuliko vijana, ameinama toka umande mpaka jua la utosi, akikata mpunga ulionyweshwa maji yake, na kila alipofika mwisho wa mstari aliusifu. "Kaka yangu ana mkono," alimwambia Mama Pacha wakati wanapura juu ya turubai. "Tazama punje hizi. Hata hao wenye meli hawana mpunga kama huu." Halafu, akipiga mganda chini, akasema kwamba yule Mzee Zamu anapita kwake akimwamkia, naye hamwitikii. Angemwitikia wa nini?

Mama Pacha alishusha mganda wake. Wavunaji wengine walikuwa mbali, wamekaa kivulini.

"Wifi, mwitikie. Mzee wa watu alileta maji. Ni kaka yako aliyeziba kwako akayaingiza kwetu. Zamu zote mbili."

Wifi alibaki ameshika mganda juu, punje zikimdondokea begani. "Umejuaje?"

"Nililiona gunia."

Hilo lilikuwa kweli. Sehemu iliyobaki, ya kisigino, ilimfika mpaka kooni ikarudi.

Wifi hakulia wala hakupaza sauti yake ile ya kuvuka mfereji. Aliupiga mganda chini, akaupiga tena, akaupura mpaka ukaisha punje, akauweka kando pamoja na mabua mengine. Kisha akasema apimiwe chake aende. Mama Pacha alichota debe akalijaza mpaka likafanya kichuguu. Wifi aliweka mkono juu ya debe akaufuta mpunga uliozidi, ukamwagika kwenye turubai.

"Nimefanya kazi ya debe," alisema. Akajitwisha. Hakushika njia ya kwake. Alishika njia ya dukani, kwa Mzee Zamu.

*

Jioni Mama Pacha alimwambia mumewe. Alimkuta anaosha miguu kwenye beseni uani, akasimama mbele yake, akasema kwamba dada yake anajua, na kwamba ni yeye aliyemwambia.

Mumewe aliendelea kusugua mguu uliokwisha takata. "Umenivua nguo," alisema mwishowe. "Mke wangu mwenyewe. Kitu hukukiona, umesikia ya watu, ukaenda kunivua nguo."

"Nilikiona."

Akainua uso.

"Siku ile ile nilileta chakula. Gunia lilikuwa linavuja kwa pembeni. Nikalikanyaga likakaa vizuri."

Wiki zote hizo kila mmoja alikuwa akidhani analala kando ya mtu asiyejua. Maji ya beseni yalikuwa yamegeuka tope. Watoto walikuwa wanaimba ndani, na wao wawili walishindwa kutazamana, kama watu waliofumaniana.

"Dada ananiitaje?" aliuliza.

"Hajakuita chochote. Alikuwa anakusifu."

Hapo ndipo alipouficha uso kwa mikono yake yenye povu.

Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti, na mkutano ukaitishwa. Alisimama mbele ya wale wale aliowadanganya, akasema yote kwa sauti ndogo hata wakamtaka arudie. Alirudia. Alisema aliziba yeye, alisema uongo yeye, na mzee hana kosa. Kisha mwenyekiti akamuuliza kama kuna mtu aliyemsaidia.

Mama Pacha alikuwa amekaa kule nyuma.

"Hakuna," alisema mumewe. "Nilikuwa peke yangu."

Angeweza kusimama. Magoti yalikuwepo, na mdomo pia. Alikaa. Alipumua, na ile pumzi aliyoishusha, nyepesi na tamu, ndiyo iliyomtia aibu kuliko kisigino.

Kamati iliamua nusu ya mavuno iende kwa wifi. Mzee Zamu alirudishiwa funguo, na mwenyekiti akamwomba radhi kwa niaba ya wote. Mzee alizipokea, akaenda kukaa mbali na Baba Pacha. Walipotoka nje wanawake, waliokwisha sikia kwa wifi nani aliyesema, walimzunguka Mama Pacha. Mwanamke mwenye moyo kama wake ni wa kutafuta kwa tochi, walisema. Angekuwa mwingine angemfichia mumewe. Mwenye duka akiwa mlangoni kwake alimwamkia kwa heshima na hakutaja mchele. Alitembea mpaka nyumbani kichwa chini, na wao wakaongeza kwamba ni mnyenyekevu pia.

*

Walipeleka magunia kwa baiskeli, mchana, kwa kuwa Baba Pacha alisema hatangoja giza. Yeye alishika usukani, mkewe akasukuma kwa nyuma. Barazani mazungumzo yalikatika walipopita na kuendelea walipokwisha pita. Tairi lilikwama kwenye mchanga mbele ya nyumba ya mgawa maji, wakahangaika nalo huku mke wa mzee akiwatazama kutoka dirishani, na hakuna aliyekuja kusaidia.

Wifi alifungua mlango. Alimwonyesha mdogo wake pa kuweka, ukutani, mbali na unyevu, naye akaingiza gunia moja baada ya jingine. Hakumkaribisha kiti. Kwa Mama Pacha alikuwa mwingine: alimshika mabega, akamkalisha kitandani karibu na mjukuu aliyelala.

"Wewe si wifi tena, u ndugu yangu," alisema. "Damu yangu imenifanyia vile, wewe wa kuja ukanitendea haki. Sitasahau mpaka nife."

Baba Pacha alisimama mlangoni na gunia la mwisho begani. Alimtazama mkewe mara moja, bila kumlazimisha, kisha akatazama kando. Angelinyamazia neno lile la kisigino maisha yake yote. Mama Pacha aliliona hilo, na akaona pia kwamba asingeweza kuketi tena juu ya kitanda hiki kila sikukuu na kila msiba, akishukuriwa.

Alisimama.

"Wifi, gunia lilikuwa linavuja. Maji kidogo yalikuwa yanakuja kwako. Nikalikanyaga mimi, kwa mguu wangu, mpaka yakakata. Kaka yako hakuniona."

Wifi aliitazama miguu ya Mama Pacha, kama mtu anayetafuta ni upi.

"Mbona unaniambia sasa? Ungeweza kukaa kimya."

"Kwa sababu unanishukuru."

Wifi aliinama akamfunika mjukuu vizuri, ingawa alikuwa amefunikwa. Alipoinuka uso wake ulikuwa umechoka. "Nendeni," alisema. "Na wewe usikanyage hapa mpaka nikuite."

Hakuita. Mpunga uliuzwa, mabua yakachomwa, mvua za kwanza zikanyesha. Pacha walikwenda kwa shangazi yao wakarudi na karanga mifukoni, wao hawakukatazwa. Mama Pacha aliwauliza shangazi amesema nini, wakajibu hakusema kitu. Nyumbani waliishi kwa upole usio wa kawaida, mtu na mumewe, wakipishana mlangoni kama wageni. Wali wa mpunga wao ulinukia nyumba nzima, na mara nyingi ulibaki chunguni.

Miche ilipofikia kupandikizwa, mmoja wa pacha aliingia mbio akihema. Shangazi amesema mama aende shambani, sasa hivi.

Alikwenda. Wifi alikuwa peke yake katikati ya jaruba lake, nguo amezikunja, maji yakimfika chini ya magoti. Hakugeuka. Mama Pacha alivua kandambili juu ya tuta, akashuka, akachukua fungu la miche, akaanza mstari wake pembeni ya mwenzake. Tope lilikuwa baridi. Walirudi nyuma pamoja wakichomeka, mche baada ya mche, na hapakuwa na sauti ila ya vidole vinavyozama na kutoka. Walifika tutani, wakageuka, wakaanza mistari mingine. Jua lilipanda. Mama Pacha hakuthubutu kunyoosha mgongo.

Katikati ya jaruba wifi alisimama, akajishika kiuno, akaitazama kazi iliyokwisha fanyika.

"Mstari wako unapinda," alisema.

Mama Pacha alitazama. Ulikuwa unapinda kweli. Akarudi mpaka pale ulipoanza kupotea, akaing'oa miche mmoja mmoja, akaanza kuipanda upya.